Mkebe wa Visheti na Kadi ya Kaka Yake

Ijumaa ile tulikuwa watu watano kwenye busati la chakula, nyumbani kwangu Mabela, huku Uarabuni tulikohamia. Nlikuwepo mimi mwenye nyumba. Alikuwepo mwanangu mkubwa, anayefanya kazi ofisini Qurum, na mkewe, mkwe wangu, ambaye bibi yake na mama yangu walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta Unguja. Alikuwepo binti yangu, anayemfuata kaka yake, aliyeachwa na mumewe akarudi kwangu na watoto wawili. Na alikuwepo mdogo wangu mimi, tumbo moja, mjane, anayekaa Azaiba peke yake na paka wake. Watoto walikuwa juu na simu zao, hao siwahesabu. Majina ya wote nnayo, na ya baba zao na ya mababu zao, nnaweza kuyataja bila ya kuvuta pumzi. Lakini binti yangu kanikataza kuyaandika. "Mama, andika mambo, majina yaache." Basi nimeyaacha, ila yananiwasha ulimini.

Wakati huo nyumba yangu haikuwa na utulivu. Binti yangu alikuwa kapata kazi kwenye kliniki ya meno Azaiba, anakaa mapokezi. Asubuhi si shida, kaka yake anakaa Mabela hii hii, mtaa wa upande wa pili, akitoka kwenda Qurum anampitia. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Kaka yake siku nyengine ana mkutano, siku nyengine barabara imefunga, siku nyengine keshafika nyumbani kwake ndipo akakumbuka kuwa ana dada. Binti yangu anakaa kwenye kiti cha wagonjwa mkoba mapajani, anangoja. Na mimi huku nangoja. Siwezi kukaa mahala pamoja. Nnakwenda mlangoni, nnarudi jikoni, nnafunika chungu, nnafunua, nnakwenda tena mlangoni. Kila gari likipunguza mwendo nnainuka. Mjukuu wangu akiniambia, "Bibi, hiyo gari ya jirani." Najua ni ya jirani, lakini miguu haijui.

Kisha daktari mwenye kliniki akamwambia: wako wawili wanaojaribiwa, na baada ya Idi atamwajiri moja kwa moja yule anayeweza zamu ya jioni, inayomalizika baada ya Isha. Yule mwenziwe ana gari. Binti yangu hana. Na teksi kila siku kutoka Azaiba mpaka Mabela, mshahara wote ungeliwa na barabara.

Akenda benki kuomba mkopo wa gari dogo. Akarudi, akavua buibui, akaanza kuosha vyombo ambavyo nlikuwa nishaviosha.

"Wamesemaje?"

"Wamesema kazi yangu mpya, na sijapata kukopa kitu popote. Wamesema hawanijui."

"Hawakujui vipi? Umewambia baba yako nani?"

"Mama, benki haiulizi mtoto wa nani."

Neno lile lilinikera siku nyingi. Mimi nawajua watu wa mitaa mitatu ya Unguja ambayo sijaikanyaga tangu ujana wangu, nani kamuoa nani, nani kazaa nani. Na mwanangu, aliyesoma, aliyekaa na mume nyumba nzuri na gari mlangoni, leo anaambiwa hajulikani. Kumbe miaka yote ile kila kitu kilikuwa kwa jina la mume. Gari, umeme, simu, nyumba. Alipotoka, alitoka na nguo na watoto.

Ndiyo hiyo Ijumaa, tumekwisha kula, mkono haujakauka, mwanangu akatoa kitu mfukoni akakiweka kwenye sahani safi mbele ya dada yake. Kadi ya benki, mpya, inang'ara.

Binti yangu akaigeuza. "Kaka, mbona ina jina langu?"

"Ina jina lako, lakini ni mtoto wa kadi yangu. Utanunua vitu vidogo vidogo, vinalipwa kwa wakati, na benki itaona jina lako linalipa. Baada ya muda watakuwa wanakujua. Mwenzangu ofisini ana ndugu yake Amerika, ndivyo alivyojengewa jina na shemeji yake. Saa hizi ana nyumba."

"Amerika!" akasema mdogo wangu. "Basi na mie nijengee, labda ntapata mume."

"Mama mdogo, wewe benki gani itachukua mzigo huo?"

"Muulize marehemu, alinichukua bila ya dhamana."

Mkwe wangu alicheka mpaka akapaliwa. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anaisoma kadi, herufi moja moja, kama mtu anayesoma barua ya kumwita kazini.

"Kaka, nnakubali. Lakini kila nnachonunua nakupa pesa yake kabla ya tarehe ya benki. Hii si zawadi."

"Haya, mama mkubwa."

"Usinidhihaki. Sema sawa."

"Sawa."

Alisema sawa, lakini mimi mzazi wake, nliona macho yake. Yule hakuwa na nia ya kuchukua pesa ya dada yake hata siku moja.

Binti yangu akaanza kuitumia ile kadi kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mkate, maziwa, sabuni, daftari za watoto. Ananunua, anakunja karatasi ya dukani, anaiweka kwenye mkoba. Tabu ikawa, kila akinunua, habari inalia kwenye simu ya kaka yake. Mwanangu mtu wa mzaha, akiingia tu, "Naona leo mmekula kuku." Au, "Shampuu ile ghali, nywele zimeota?" Sisi tunacheka, dada yake anakaza uso. Siku moja aliniambia, "Mama, nikiwa na mume alikuwa anauliza. Sasa nimeachwa, na simu ya kaka inauliza." Nikamwambia kaka yako anatania tu. "Najua anatania," akasema, akatoka uani, akarudi, akatoka tena. Kuhangaika karithi kwangu.

Mwisho wa mwezi akampa kaka yake bahasha. Mwanangu akaisukuma kama anayesukuma sahani ya tatu ya wali. "Baina yangu na dada yangu kuna hesabu?" Dada akairudisha. Kaka akaondoka akaiacha juu ya meza ya viatu. Mwezi wa pili akaipokea, nikasema alhamdulillahi, kumbe kapanda juu kawapa watoto, "Nunueni aiskrimu." Binti yangu akawanyang'anya ile bahasha watoto wanalia, akaja kuifungia kwenye sanduku langu la nguo. "Hizi si zangu wala si zao. Ziwekwe hapa." Na mwanangu akawa analipa benki kwa mshahara wake, kimya kimya, kwa wakati. Hilo lazima niliseme, kwa wakati.

Binti yangu akabadilisha njia. Akapika vitumbua, akavipanga kwenye hotipoti, chini akaweka bahasha kwenye mfuko wa nailoni, asubuhi akampa kaka yake, "Mpelekee wifi." Mwenyewe kaka mtu akaibeba kwenye gari, hana habari. Sasa sisi watu wa Unguja, chombo cha mtu hukirudishi kitupu, hata uwe na njaa. Mkwe wangu akaona vitumbua, akaona bahasha. Akasema moyoni, mimi nile pesa ya wifi yangu aliyeachwa na watoto wawili? Akapika tambi za sukari, akaitia bahasha ile ile chini, akampa mumewe, "Mpelekee dada yako." Mwanangu akaibeba tena. Na binti yangu akaifungia tena sandukuni kwangu. Ukimwona mwanangu siku hizo anapita na hotipoti kwapani, utadhani ana mgahawa. Alikuwa tarishi wa pesa yake mwenyewe.

Mwezi wa Shaaban wakagombana kweli. Binti yangu kamwambia kaka yake mlangoni, gari linanguruma, "Kama hutaki pesa zangu, chukua kadi yako! Unanijengea jina gani, jina la ombaomba?"

Mwanangu akazima gari. Nlikuwa nimesimama na ufagio, nikajifanya nafagia.

"Haya, basi. Mpe wifi yako, yeye ndiye atakayelipa benki kuanzia sasa. Mimi sitii mkono. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Akaridhika, na mimi nikaridhika. Bahasha ikenda kwa mkwe wangu mkono kwa mkono, nimeiona kwa macho yangu. Siku zikapita hakuna kelele. Mwanangu benki ikimkumbusha kwenye simu anafuta, anajua mkewe keshalipa. Mkewe anajua mumewe analipa kama zamani, na ile habari ya "mpe wifi yako" ni maneno tu ya kumtuliza dada. Na ile bahasha yenyewe? Mkwe wangu alikaanga visheti vya kungojea Ramadhani, akavitia kwenye mkebe wa biskuti, chini karatasi, chini ya karatasi bahasha. Mumewe akauleta kwetu. Siku ile ile mdogo wangu alikuwa kaja kututazama, na alipotaka kuondoka, binti yangu akaona haya shangazi... nakosea, mama yake mdogo, aondoke mikono mitupu. Akaushika ule mkebe hata hajaufungua. "Chukua, mama mdogo, visheti vya wifi hivi." Na mkebe ukenda zake Azaiba.

Mwanangu alikuja Jumanne, baada ya Alasiri. Hana hotipoti, hana mfuko, hana hata salamu ya mzaha. Nikajua kuna jambo. Kakaa kwenye ncha ya kiti.

"Yuko wapi?"

"Ndiyo kwanza karudi na teksi, anaswali. Nini?"

"Benki wamenipigia ofisini, mbele ya watu. Wananiambia nimechelewa kulipa. Mimi! Sijapata kuchelewa tangu nianze kazi."

Binti yangu kashuka, kanga ya kuswalia bado kichwani. "Mimi nlitoa. Mama shahidi."

"Nani kasema hukutoa?"

"Sura yako inasema."

Mwanangu akampigia mkewe, akaiweka simu mezani tusikie sote. "Ile pesa ya kadi uliyopewa umeipeleka wapi?"

"Nlirudisha! Nimewambia nani kuwa ntakula pesa ya wifi yangu mimi?"

"Umerudisha wapi?"

"Kwenye mkebe wa visheti. Wewe mwenyewe umeubeba!"

Hapo tukatazamana. Binti yangu akajishika kichwa. Mimi nishachukua simu yangu, nampigia mdogo wangu.

"Ule mkebe wa visheti uko wapi?"

"Upo juu ya friji, dada. Sijaugusa, mwenzio nna sukari. Nimewawekea wageni."

"Usimfungulie mtu!"

"Una nini, dada? Ni visheti au mabomu?"

Tukapanda gari, mwanangu, binti yangu na mimi, sikukubali kubaki. Barabara kubwa imejaa, taa nyekundu moja baada ya moja. Binti yangu anatazama dirishani. Halafu akasema, si kwetu, kwa kile kioo, "Baada ya Idi daktari anaamua. Na mimi jina langu la kwanza benki ni la mchelewaji."

Mdogo wangu katupokea na mkebe mkononi. Tukamimina visheti kwenye sinia, karatasi ikatoka, bahasha ikatoka, imeloa samli. Akaitazama, akatutazama. "Nikasema mie, visheti vya siku hizi vizito." Sote tukacheka, hata binti yangu, mpaka akakaa chini sakafuni, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Kaka yake akamwinamia, "Nisamehe. Kesho twende benki, tulipe na tuwaeleze."

Kesho yake tukenda, Qurum, na mimi nimo. Aliyetuhudumia binti mdogo, kavaa buibui nadhifu, anazungumza Kiarabu na mwanangu. Sisi nyuma tunabishana kwa Kiswahili nani aeleze habari ya visheti. Yule binti akainua uso. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Akanitajia baba yake. Nikamtajia babu yake, na bibi yake mzaa baba, na mtaa waliokuwa wakikaa, na jina la dada wa bibi yake aliyekuwa anashona. Akacheka, kashika mdomo.

"Basi mimi nnakujua mpaka shina," nikamwambia, "na nyinyi mnasema hamumjui mwanangu?"

"Mimi sasa namjua, bibi. Kompyuta ndiyo haimjui."

Mwanangu akalipa. Kisha akauliza lile lililotuleta: kule kuchelewa kumemharibia dada yake jina? Yule binti akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Hakukumharibia. Kadi hii ya ziada, kwetu sisi, kila kitu kinaandikwa kwa mwenye kadi mkubwa. Ukilipa vizuri, sifa yako wewe. Ukichelewa, doa lako wewe. Dada haonekani."

"Ndugu wa mwenzangu, Amerika..." mwanangu akaanza.

"Amerika huenda. Sisi hapa, kwa kadi hii, hapana."

Binti yangu alikuwa kasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kwa hivyo miezi yote hii nnanunua maziwa kwa woga, nnakunja karatasi, mimi simo?"

"Humo, dada yangu. Samahani."

Nlitaka kuinuka, nkakosa pa kwenda. Mwanangu kainamisha kichwa. Maskini, alimpenda dada yake, akamjengea nyumba juu ya kiwanja chake mwenyewe bila ya kujua.

Ni binti yangu aliyeuliza. Wala si kwa kulia. "Na mtu asiyejulikana anajulikana vipi?"

"Unaweka pesa zako mwenyewe hapa, tunazizuia. Tunakupa kadi ndogo kwa jina lako, kwa kiasi hicho hicho. Hiyo itaandikwa kwako. Tumia kidogo, lipa kwa wakati, kisha njoo tuzungumze habari ya gari."

"Ntakuwekea mimi," akasema mwanangu, mkono ushafika mfukoni.

"Ukitia hata riali moja, nnatoka hapa sirudi." Kisha akanigeukia. "Mama, sanduku lako."

Na kweli. Zile bahasha zote alizokataa kaka na alizorudisha wifi, zilikuwa mle baina ya kanga zangu, hakuna aliyezitaka, hakuna aliyezigusa. Tukarudi Mabela kuzichukua, nyengine zinanuka hiliki, nyengine zina unga. Yule binti wa benki alizihesabu kwa ncha za vidole akatuuliza tumezitoa mkateni au wapi. Na zikatosha.

Lakini jina halioti kwa Idi moja. Daktari hakungojea, na gari halikuwepo. Hapo ndipo mdogo wangu aliposema, siku ya pili ya Idi, "Kliniki iko Azaiba, na mimi niko Azaiba. Siku za zamu ya jioni alale kwangu. Kwani paka analipa kodi?"

Binti yangu alikuwa hataki. Aliniambia jikoni, "Nimehama vya kutosha, Mama." Nikamwambia huku si kuhama, ni kungojea kwa karibu. Kesho yake kenda kwa daktari, kamwambia zamu ya jioni naiweza. Akaandikwa kazi. Nusu ya wiki akawa Azaiba, nusu kwangu, na mimi nusu ya wiki nnatembea nyumbani na watoto wake nyuma yangu wanauliza mama anarudi lini. Ile kadi yake ndogo aliitumia kununulia maziwa tu, na kulipa alikuwa analipa mwenyewe kwa simu, amekaa kwenye ngazi, mlango kaufunga.

Mwaka ukazunguka, na joto la pili likaja. Ijumaa moja tumekaa kwenye busati lile lile, watu wale wale kasoro mmoja, nikasikia gari linapunguza mwendo. Nikainuka. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, kaa, hiyo ya jirani." Haikuwa ya jirani. Gari dogo jeupe, si jipya, mlango mmoja una mkwaruzo, na binti yangu ndani kashika usukani kwa mikono miwili. Kaka yake alitoka bila ya viatu, anachomwa na saruji, anaruka ruka, "Nani kakukopesha, we?"

"Wanaonijua."

Kabla hawajaondoka, alimpa wifi yake ule mkebe wa biskuti umejaa visheti, safari hii kavikaanga mwenyewe. Mkwe wangu hakungoja kufika kwake. Akamimina pale pale kwenye sinia, akainua karatasi ya chini. Palikuwa na ile kadi ya kaka yake, imekatwa vipande viwili kwa mkasi. Mwanangu akaviokota, akavitia mfukoni mwa kanzu, akasema, huku anapepesa macho, chakula kilikuwa na pilipili nyingi. Chakula hakikuwa na pilipili.

Sasa binti yangu anakuja na kuondoka apendavyo, na mimi bado nnainuka kila gari likipunguza mwendo, nadhani tabia hii ntazikwa nayo. Mdogo wangu kasomewa haya niliyoandika, anasema mkebe ulikuwa juu ya kabati si juu ya friji, na kuwa yeye hakula hata kisheti kimoja, jambo ambalo siliamini. Mkwe wangu anasema hotipoti ilianza na kachori si vitumbua. Nyinyi mliokuwepo, na nyinyi mliosikia kwa waliokuwepo, kama nimemkalisha mtu pasipo pake au nimempa maneno ya mwenziwe, niambieni nitengeneze. Majina sina shaka nayo. Mengine yote nnaweza kuwa nimekosea.